Uchaguzi wa rais Marekani: hesabu ya kura haina tatizo, tatizo ni kanuni

Kila baada ya miaka minne mabishano ni yale yale. Mmoja anasema kura zimeibwa, mwingine anamjibu kwamba Marekani ndiyo demokrasia ya kuigwa, na wanapishana kwa sababu wanajibu maswali mawili tofauti. La kwanza ni kama kura zilihesabiwa jinsi zilivyopigwa. La pili ni kama kura zote zina uzito mmoja. Kwenye la kwanza Marekani iko imara kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye la pili dhuluma ipo, tena haikufichwa: imeandikwa kwenye sheria.

Tuanze na uzito. Rais hachaguliwi moja kwa moja na kura za wananchi bali na wajumbe 538 wa majimbo, na anayefikisha 270 ameshinda. Kila jimbo hupata wajumbe kulingana na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, kisha huongezewa wawili kwa ajili ya maseneta wake. Mji mkuu, Washington, una 3. Kwa hiyo Wyoming, yenye watu wapatao 577,000 kwa sensa ya 2020, ina wajumbe 3, na California yenye watu milioni 39.5 ina 54. Ukigawanya, mjumbe mmoja wa Wyoming ni watu kama 192,000, wa California ni watu kama 732,000.

Wengi wakishafika hapo wanaona wamemkamata mwizi. Mimi naona wamemkamata mdogo, mkubwa bado yuko huru. Chukua 2016, uwaondoe wale wajumbe wawili wa nyongeza kila mahali. Trump wa chama cha Republican anabaki na 246, Clinton wa chama cha Democratic 190. Bado Trump anashinda, ingawa Clinton alimzidi kwa kura karibu milioni 2.9 nchi nzima. Mwaka 2000 ni kweli hesabu hiyo ingempa ushindi Gore wa Democratic, aliyeshindwa na Bush wa Republican, 225 kwa 211. Lakini kinachopindua matokeo mara nyingi zaidi ni utaratibu wa anayeongoza jimbo kubeba wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura chache tu. Majimbo 48 na mji mkuu hufanya hivyo. Maine na Nebraska pekee hugawa wajumbe kwa wilaya za uchaguzi.

Ndiyo maana mwaka 2020 Biden alimzidi Trump kwa kura zaidi ya milioni 7 nchini kote, lakini pengo lililompa ushindi lilikuwa kura 42,918 tu: 11,779 za Georgia, 10,457 za Arizona na 20,682 za Wisconsin. Majimbo hayo matatu yangegeuka, kila mmoja angebaki na wajumbe 269. Na hapo katiba inawapa Baraza la Wawakilishi kazi ya kuchagua, kila jimbo kura moja, mshindi apate 26. Wyoming ingekuwa sawasawa na California. Anayeipigia Democratic Texas, ambako Republican hushinda, au anayeipigia Republican New York, ambako Democratic hushinda, anaelewa vizuri maumivu haya: kura yake huhesabiwa kwa uaminifu, kisha haimpi mgombea wake mjumbe hata mmoja.

Sasa hesabu yenyewe. Hakuna tume moja ya taifa inayoendesha uchaguzi. Kazi iko mikononi mwa majimbo na maelfu ya kaunti na miji, kila mahali na sheria zake. Hilo huleta vurugu nyingi ndogondogo, na hilo hilo hufanya wizi wa nchi nzima uwe mgumu sana, kwa kuwa hakuna chumba kimoja cha kuvamia.

Tazama kura ya posta ya Pennsylvania. Mpiga kura anajaza karatasi, anaiweka kwenye bahasha ya siri, anaifunga, kisha anaitia kwenye bahasha ya nje ambayo lazima aweke saini na tarehe. Akisahau bahasha ya siri, kura haihesabiwi. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ilishikilia hivyo mwaka 2020. Suala la tarehe limepelekwa mahakamani mara nyingi, na haki ilikuwa upande wa walalamikaji, kwa sababu tarehe iliyokosewa haisemi lolote kuhusu uhalali wa mtu kupiga kura. Zaidi ya hapo, sheria ya Pennsylvania na ya Wisconsin hairuhusu kuanza kufungua bahasha hizo kabla ya siku ya uchaguzi. Florida huanza mapema. Mwaka 2020 wafuasi wa Democratic ndio waliotumia posta zaidi, kwa hiyo Trump akaonekana anaongoza usiku, na kufikia siku zilizofuata Biden akampita. Hapakuwa na muujiza. Ilikuwa ni bahasha zinafunguliwa.

Makosa ya kweli hutokea pia, na moja linafaa kuangaliwa kwa karibu. Kaunti ya Antrim, Michigan, hupigia Republican miaka yote. Usiku wa uchaguzi wa 2020 ilitangaza Biden 7,769, Trump 4,509. Karatasi za kura zilikuwa zimebadilishwa dakika za mwisho, lakini mpangilio mpya haukuingizwa kwenye mashine zote, hivyo mistari ya matokeo ikasogea na kura zikasomeka kwa jina lisilo lake. Watu walishtuka, kaunti ikaanza kusahihisha kesho yake, na mwezi Desemba kura zote zikahesabiwa kwa mkono. Tofauti na matokeo yaliyosahihishwa ilikuwa kura 12. Karatasi ndiyo iliyoamua. Georgia nayo ilihesabu kwa mkono karatasi zaidi ya milioni 5 mwaka huo, na mshindi hakubadilika.

Kwa hiyo ukiambiwa kura zimeibwa, uliza kaunti gani, kura ngapi, pengo la jimbo lilikuwa ngapi, na karatasi zilipohesabiwa upya zilisema nini. Madai yasiyojibu hata swali moja kati ya hayo yaachwe hapo hapo. Mwaka 2000, kwa mfano, majibu karibu yote yalikuwepo: pengo la Florida lilikuwa kura 537, na kadi za kutobolewa ambazo vipande vyake havikudondoka vizuri zilikuwa maelfu. Hayo yalikuwa malalamiko yenye uzito, na Mahakama ya Juu ilipositisha kuhesabu upya iliacha swali la haki bila jibu.

Upo pia upande wa wasiofika kwenye sanduku kabisa. Puerto Rico ina raia wa Marekani zaidi ya milioni 3 wasiopiga kura ya rais. Na Florida, baada ya wananchi kukubali mwaka 2018 kuwarudishia kura wengi waliomaliza vifungo, bunge la jimbo likaongeza sharti la kulipa kwanza faini na gharama za mahakama. Hiyo ni kodi ya kupigia kura kwa jina lingine.

Dawa? Wapo wanaosifu njia ya Maine na Nebraska. Ingetumika nchi nzima mwaka 2012, Romney wa Republican angeshinda kwa wajumbe 274 dhidi ya 264, ilhali Obama alimzidi kwa kura karibu milioni 5, kwa kuwa mipaka ya wilaya huchorwa na wanasiasa. Kubadili katiba ili rais achaguliwe moja kwa moja kwa kura za wananchi ndiyo njia iliyonyooka, na mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo hilo kwa kura 338 dhidi ya 70, likafia Seneti mwaka uliofuata. Iliyobaki ni mkataba wa majimbo kumpa wajumbe wao mshindi wa kura za nchi nzima, utakaoanza kazi wakifikisha wajumbe 270. Maine ilipojiunga mwaka 2024 walifika 209, yote yakiwa majimbo yanayoegemea Democratic pamoja na mji mkuu. Na mwaka huo huo Trump alishinda wajumbe na kura za jumla pia, kwa hiyo upande wa Republican haukupata sababu mpya ya kujiunga.