Kile kitanda kitupu

Jamani kuna picha naizumu kwenye simu tangu jana usiku na sijaishiba. Ni ya malkia Marie Antoinette wa Ufaransa na wanawe, ipo kasri la Versailles, mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun, 1787. Huyu mchoraji babake alifariki yeye akiwa na miaka 12 tu, akakomaa na brashi mpaka 1783 akaingia akademia ya wachoraji ya mfalme, na kule wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuzidi wanne kwa wakati mmoja, wanne tu!

Sasa angalia picha. Malkia kavaa gauni jekundu la mahameli, mtoto mdogo yuko mapajani, binti kamuegemea, halafu kule pembeni mvulana anaonyesha kitanda cha kichanga na ndani hamna mtu. Kilikuwa cha Sophie, binti mwingine wa malkia, alifariki Juni mwaka huohuo, hata mwaka hajatimiza.

Wananchi walikuwa wanamchukia malkia kwa ufujaji, picha ilitakiwa imuonyeshe kama mama. Kusafisha jina sawa, lakini mimi macho yanarudi palepale kwenye yale mashuka, na malkia mwenyewe hatabasamu hata kidogo.