Nilivyoirudisha Datsun 240Z katika hali yake ya kiwandani

Gari nililolifanyia kazi hapa Nairobi ni Datsun 240Z yenye usukani upande wa kulia, ya aina ambayo Nissan, watengenezaji wa Datsun, waliipa alama HS30. Wakenya wa rika langu hawahitaji kuelezwa gari hilo ni nini: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo akiwa na Lofty Drews. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa ubishi mkubwa kuliko kutu, kwa maana kila aliyeingia gereji alitaka langu lipakwe rangi nyekundu na boneti nyeusi mithili ya magari ya timu ya kiwanda. Langu halikuwahi kushindana. Lilitoka kiwandani likiwa gari la kawaida la barabarani, na mimi nilikuwa nimekata shauri kwamba litarudi vile vile lilivyotoka.

Kabla ya kufungua nati yoyote nililisoma gari lenyewe. Namba ya chasisi imegongwa katika ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, na namba ya injini iko upande wa kulia wa bloki, karibu na plagi ya sita, mahali ambapo grisi na vumbi hugandamana mpaka tarakimu zikafukiwa kabisa. Nilisugua kwa mafuta ya taa na brashi hadi zikasomeka, kisha nikazilinganisha na kibati kilichomo ndani ya chumba cha injini, nikakuta zinalingana. Sikuficha furaha yangu, kwa kuwa 240Z nyingi zimekwisha kung'olewa injini zao za L24, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, zikafungwa L28 ya matoleo ya baadaye, na gari likishapoteza injini yake hakuna fundi awezaye kuliita la asili.

Rangi nayo ilihitaji ushahidi. Stika yenye namba ya rangi ilikuwa imekwisha kupotea, na juu ya bodi palikuwa na nyekundu iliyopakwa baadaye, bila shaka kwa mapenzi yale yale ya Safari. Tulipoitoa dashibodi na hita tulikuta nyuma yake rangi ya machungwa, namba 918, ambayo haikuwahi kuonja jua. Nilikataza sehemu hiyo isiguswe, na fundi wa rangi alichanganya akilinganisha nayo kwa mwanga wa mchana, si wa taa. Alipendekeza kuongeza tabaka la vanishi juu ili bodi ing'ae zaidi; nilikataa, kwa sababu rangi hiyo ya kiwandani haikuwa na vanishi, na mng'ao wake wa kiasi ni sehemu ya sura ya gari.

Kutu ilikuwa palepale inapojulikana kwa aina hii: sakafuni, chini ya trei ya betri ambako asidi hudondoka, na kwenye kona ya bodi iliyo nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma. Kona hiyo ya kushoto ilikuwa puti tupu, yaani ule ujiuji mgumu wa kuzibia matundu ya bodi. Fundi wangu wa bodi, mzee aliyejifunza kazi kabla ya gereji kuwa na mashine nyingi, aliibandua puti yote, akachukua karatasi ngumu na kuchora umbo la kona ya kulia iliyokuwa nzima, akaigeuza karatasi, akakata bati kwa kuifuata. Kisha akakaa kitako na kipande cha reli, akilikunja bati kwa nyundo ndogo, pigo moja baada ya jingine, akilipima na kulirudisha. “Bati halitaki haraka, mzee,” aliniambia. Alipolichomelea, kiungo kilihitaji msasa tu, na puti haikurudi tena mahali hapo.

Bolti ndizo zilizonifunza uvumilivu. Bolti za asili zina alama ya ugumu kichwani na zilipakwa zinki yenye rangi ya manjano, tofauti kabisa na zile nyeupe zinazopatikana katika maduka ya Kirinyaga Road. Kila sehemu niliyoifungua niliitia bolti zake katika mfuko wake, nikaandika zinakotoka, kisha nikazipeleka zote zikapakwa zinki upya. Huenda wengine wakaliona hilo ni jambo dogo, lakini ukifunua boneti, jicho hutua kwanza kwenye bolti hizo.

Injini niliikuta imefungwa kabureta tatu za Weber. Zinaongeza nguvu kweli, na fundi wa injini alinisihi niziache. Kiwanda, hata hivyo, kilifunga mbili za Hitachi zilizoundwa kwa mfumo wa SU, kabureta za Kiingereza, kwa hiyo nilitafuta jozi yake hadi nikaipata, tukabadilisha gasketi na sindano zake na kujaza oili nyepesi katika vizuizi vinavyotuliza mwendo wa pistoni za kabureta hizo. Baada ya kuset tapeti, yaani mwanya wa vali, injini ikiwa moto, milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa moshi, tulizisawazisha kabureta kwa mpira mwembamba uliowekwa sikioni: unasikiliza mvumo wa hewa katika mdomo wa moja, unahamia nyingine, unakaza au kulegeza skrubu mpaka mivumo miwili ifanane. Siku zilipofanana, silinda sita zilitulia zikawa na sauti moja laini, na hata yule aliyenisihi niziache Weber hakuzitaja tena.

Kinachokosekana sasa ni jeki ya asili na zana zake, vilivyokuwa vikihifadhiwa katika visanduku viwili nyuma ya viti. Nilizoonyeshwa hadi leo ni za matoleo ya baadaye, nami bado ninaitafuta iliyo sahihi.