Mishikaki ya kuku ya Tokyo, na hesabu ya moyo mmoja

Jumapili, usiku

Mtu akisikia kwamba mishikaki ya kuku Tokyo inaweza kufika yen 10,000 na zaidi kwa kichwa, kinywaji mbali, huuliza: kuku huyo ana nini? Ni swali la haki, maana pembeni ya stesheni yoyote ya treni mjini humo mshikaki mmoja unauzwa kwa yen mia mbili hivi. Jibu linaanzia kwenye hesabu ndogo. Kuku ana moyo mmoja. Mshikaki wa mioyo unataka minne au mitano. Mkia nao ni mmoja tu. Vile vinofu viwili vya mviringo vilivyojificha mgongoni, juu kidogo ya paja, vinavyoitwa soriresu, viko viwili kwa kila kuku, na kwa kawaida mshikaki mmoja unameza vya kuku wawili. Kiini cha yai lisilotagwa, kinachoning'inia kwenye mrija wake kama taa ndogo ya karatasi (ndiyo maana wanakiita chochin), hakipatikani kwa kuku wa nyama. Lazima awe kuku wa mayai. Kwa hiyo mkahawa wenye viti chini ya ishirini, kama Torishiki ya Meguro iliyofunguliwa na Yoshiteru Ikegawa mwaka 2007, hauwezi kumpa kila mgeni kila kiungo kila siku. Vikiisha vimeisha.

Kuku mwenyewe pia si yeyote. Neno jidori ukilichambua ni kuku wa ardhi ya pale, yaani kuku wa kienyeji, lakini Japani wameliwekea kiwango rasmi: damu ya asili isiyopungua nusu, kulelewa siku 75 au zaidi, na kuanzia siku ya 28 atembee ardhini, wasizidi kumi katika mita moja ya mraba. Si kila mkahawa bora unatumia jidori, ila Bird Land ya Ginza inajulikana kwa shamo wa Okukuji, kutoka Ibaraki. Shamo kwa asili ni kuku wa kupiganishwa, mrefu na mwenye misuli. Aliyewahi kumwona kuchi wa pwani yetu atamwelewa mara moja, na atajua pia kwa nini nyama yake inataka kisu cha mtu mwenye subira.

Kazi ya kisu ndiyo wengi hawaioni, kwa sababu inaisha kabla mlango haujafunguliwa. Moyo hupasuliwa na damu iliyoganda ndani hutolewa. Ikibaki, mdomo unapata ladha ya chuma. Firigisi huvuliwa ngozi yake nyeupe ngumu mpaka kibaki kile chekundu kinachotoa mlio ukitafuna. Mkia una tezi ya mafuta juu yake, na tezi hiyo ikisahauliwa mshikaki mzima unanuka. Vipande vya paja hukatwa kwa ukubwa unaopanda, vidogo upande wa mkono na kikubwa nchani, kisha kijiti cha mwanzi hupitishwa kwa kukata nyuzi za nyama, kama mtu anayeshona. Nyama ikitungwa kufuata nyuzi, inazunguka kijitini ikigeuzwa. Vipande vikiachiana, mwanzi unaungua katikati na mshikaki unakatika mkononi mwa mgeni. Wachomaji wana msemo: miaka mitatu kujifunza kutunga, maisha yote kujifunza kuchoma.

Halafu moto. Mkaa wao ni binchotan. Ule wa Wakayama, unaosifiwa kuliko yote, hutokana na mti mgumu wa ubame. Mwishoni mwa uchomaji tanuri hupandishwa kupita nyuzi joto 1,000, mkaa ukavutwa nje ungali mwekundu na kuzimwa kwa jivu lililochanganywa na mchanga. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Kuuwasha ni nusu saa au zaidi, na ukiutia ghafla motoni ukiwa na unyevu unapasuka na kurusha cheche. Ukishakolea, unatoa joto kali na moshi mdogo sana. Moshi unaousikia kwenye nyama ni wa mafuta ya kuku yaliyodondokea kaa.

Jiko lao halina wavu. Ni vyuma viwili sambamba, vijiti vinalala juu yake na nyama inaning'inia hewani, haigusi kitu cha kuinata. Mchomaji hupepea kwa mkono mmoja na kugeuza kwa mwingine, na upepeo una kazi mbili: kuamsha kaa na kufukuza ulimi wa moto unaoruka mafuta yanapodondoka. Ulimi huo ukiachwa ulambe nyama, masizi yanabaki na uchungu hautoki. Mchuzi wa soya na mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia), unaoitwa tare, huja nyama ikikaribia kuiva: inachovywa, inarudi motoni, inachovywa tena. Ukichovya mapema sukari inaungua nje na ndani kubichi. Ndiyo maana ninasema kiti cha kaunta mbele ya jiko ni nusu ya ulichokilipia, na mshikaki ukiwekwa mbele yako ule hapo hapo, bila kuuchomoa nyama na kuipanga kwenye sahani. Dakika tatu za kupiga picha zinatosha kuigandisha ngozi.

Kupata nafasi ni kazi nyingine. Mikahawa mingi ya aina hii hufungua daftari siku maalumu, kwa simu au kwa huduma za mtandaoni kama TableCheck na Omakase, na viti huisha ndani ya dakika. Tokyo iko saa sita mbele yetu: wakifungua saa nne asubuhi, Dar na Nairobi ni saa kumi alfajiri. Mhudumu wa hoteli anaweza kukupigia kwa Kijapani, ila muombe mapema. Ukighairi siku yenyewe, mara nyingi utalipa yote. Usichelewe, kwa sababu zamu ya pili inasubiri kiti chako, na siku hiyo acha udi na marashi nyumbani.

Kwa Waislamu, wazi kabisa: tare ina mirin na sake, zote pombe za mchele, na hata mshikaki wa chumvi huweza kunyunyiziwa sake. Kuku naye huwa hakuchinjwa kihalali. Kuomba chumvi tu hakutoshi. Na kwa wote, kidari na maini mara nyingi huletwa vikiwa vyekundu ndani, wakati bakteria wa campylobacter hufa kwa kuiva tu. Mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu aseme mapema, "yoku yaite kudasai", iveni vizuri.

Pale ambapo mishikaki huletwa mpaka useme basi, sema basi ukiwa bado na nafasi ya miwili. Ile iliyokwisha kuwekwa motoni itakuja tu, na tumbo linahitaji kuachiwa nafasi ya wali wa kuku na yai, na kikombe cha supu ya mifupa iliyochemka tangu mchana.