Nilivyofuatilia viputo vya plazma juu ya Afrika Mashariki kwa data za Swarm

Jua likishazama, ionosfia ya huku kwetu, yaani sehemu ya juu ya anga iliyojaa plazma (gesi yenye elektroni huru), huanza kuchafuka. Tabaka zake za chini hupoteza elektroni haraka, lakini lile la juu, kuanzia kilomita 300 hivi, hubaki zito. Hapo ni kama maji yamekalia mafuta: ile plazma nyepesi ya chini hupenya na kupanda juu kwa viputo. Mawimbi ya GPS yakikatiza kwenye viputo hivyo hutetereka, na mpima ardhi anayetegemea vipimo vya usiku huumia. Nilivichagua kwa tasnifu yangu ya uzamili nikiwa sina rada wala risiva, nina kompyuta mpakato na bando tu.

Kilichonivusha ni Swarm, setilaiti tatu za Shirika la Anga za Juu la Ulaya zilizorushwa Novemba 2013. Data zake ni bure. Unajisajili kwenye huduma yao ya VirES, na mahesabu unaweza kuyafanyia hukohuko kwenye seva zao kwa lugha ya Python, bila kupakua mafaili mazito. Kwa mwanafunzi wa bando la wiki, hiyo ni neema. Kila setilaiti ina kipimio cha Langmuir kinachosoma msongamano wa elektroni mara 2 kwa sekunde. Kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, unapata namba moja karibu kila kilomita 4.

Ila Swarm hazipiti kwetu saa ileile mwaka mzima. Mizunguko yake husogea taratibu, kwa hiyo zipo wiki ambazo hazitupitii kabla ya usiku wa manane, na hizo kwa viputo hazina faida kubwa. Nilianza kwa kuchuja mapito ya kati ya saa 1 na saa 6 usiku, hasa ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, miezi ambayo viputo huwa vingi. Kumbuka mafaili yanatumia saa za dunia: saa 2 usiku ya Dar es Salaam imeandikwa 17:00.

Kazi yenyewe ilikuwa kutenganisha kiputo na bonde la kawaida. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, haifuati ile ya ramani. Upande wetu inapita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Jioni msongamano hushuka pale na kupanda kaskazini na kusini yake, na kilima cha kusini huangukia maeneo ya Kenya na Tanzania. Programu isiyojua hilo italihesabu bonde zima kuwa kiputo. Nikakokotoa wastani unaosogea pamoja na setilaiti, nikautoa kwenye vipimo, nikabaki na yale ya ghafla tu. Bonde la kawaida huteremka polepole kwa mamia ya kilomita. Kiputo ni kitu kingine kabisa: grafu inakwenda vizuri karibu na elektroni milioni moja kwa sentimita moja ya ujazo, halafu ndani ya sekunde chache inadondoka chini ya laki moja, inatetemeka humo, kisha inaruka kurudi ilikotoka. Ukishaiona mara moja huisahau.

Hata hivyo sikuridhika na setilaiti peke yake. Kiputo ambacho hakijapanda hadi kimo cha Swarm hakionekani kwake, ilhali mawimbi ya GPS hukatiza ionosfia yote. Nikachukua data za vituo vya GPS vya Malindi na Mbarara, nikapima jinsi jumla ya elektroni njiani inavyoyumba katika kila dakika 5, nikalinganisha usiku kwa usiku. Usiku ambao Malindi ilitetereka na Swarm ikapita kimya, niliuweka kando kama kundi la peke yake badala ya kuufuta. Naamini kundi hilo lina thamani kuliko yote, kwa sababu linaonyesha viputo vilivyoishia chini.

Kusini mwa Tanzania nilipata vichache zaidi, na sababu yake inaeleweka. Viputo hunyooka kufuata mistari ya sumaku, hivyo ili kifike Ruvuma au Mtwara, ni lazima juu ya ikweta ya sumaku kiwe kimepanda mamia ya kilomita zaidi.

Sasa naongeza COSMIC-2, setilaiti 6 zilizorushwa Juni 2019. Zenyewe haziendi kwenye ncha za dunia, hubaki ukanda wa tropiki, kwa hiyo usiku mmoja hunipa mapito mengi kuliko Swarm.