Tofi ya vipande kwa sikukuu: robo saa ya kutobanduka jikoni

Tofi iliyoiva vizuri huvunjika kwa mlio. Haivutiki, haigandi kwenye meno wala haisagiki mdomoni kama mchanga. Ukishaivunja inayeyuka taratibu na kuacha ladha ya siagi iliyoungua kidogo tu, basi. Vinavyohitajika ni vichache, na kazi ya motoni haizidi dakika 15 hadi 18. Ugumu wake uko kwenye moto: ukiharakisha, siagi inajitenga, ukitoa mapema nyuzi kumi tu, unapata kitu cha kutafuna, ukichelewa dakika moja, kinakuwa kichungu.

Vipimo hivi vinatosha trei moja ya sentimita 20 kwa 30, na tofi yenyewe inakuwa na unene wa nusu sentimita hivi:

- siagi ya maziwa isiyo na chumvi, gramu 225
- sukari nyeupe ya kawaida, gramu 200
- maji, vijiko 3 vya chakula (mililita 45)
- asali au shira ya glukosi, kijiko 1 cha chakula
- chumvi, nusu kijiko cha chai
- vanila, kijiko 1 cha chai
- chokoleti nyeusi, gramu 180
- lozi au korosho, gramu 130

Nianze na siagi, maana neno hilo watu hulitumia kwa vitu viwili tofauti. Siagi ya maziwa ina mafuta kama asilimia 80, maji kama 16, na kiasi kidogo kinachobaki ni protini na sukari ya maziwa. Hicho kidogo ndicho kinachogeuka kahawia motoni na kuleta harufu ya tofi, na ndicho pia kinachosaidia mafuta na shira ya sukari kushikana. Majarini haileti ladha hiyo. Zile za kupaka mkate zenye mafuta pungufu ni mbaya zaidi kwa sababu zimejaa maji: zitachemka muda mrefu, zitarusha matone, kisha mafuta yatajitenga. Kama kilichopo ni majarini tu, ningeshauri upike kitu kingine siku hiyo. Siagi yenye chumvi haina neno, ila usiongeze chumvi nyingine.

Andaa kila kitu kabla ya kuwasha jiko, kwa sababu tofi ikishafika haisubiri mtu atafute karatasi. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, ipande hadi juu ya kingo, na kwenye kingo hizo weka alama za kalamu ya risasi: kila sentimita 5 upande mfupi, kila sentimita 3 upande mrefu. Hizo zitakuongoza wakati wa kukata, na utapata vipande 40 vinavyolingana. Kaanga lozi kwenye kikaango kikavu dakika 5 au 6 huku ukizigeuza, mpaka zianze kunukia. Lozi mbichi zina unyevu na ladha yake hufunikwa na sukari. Zikipoa, katakata nusu vipande vikubwa uvitawanye kwenye trei, na nusu nyingine uisage kwa kisu iwe chenga ndogo za kunyunyizia juu. Chokoleti nayo ikatwe vipande vidogo.

Sufuria iwe nzito, yenye kitako kinene, ya lita 2 hadi 3. Mchanganyiko wenyewe ni kidogo, lakini utafura kwa mapovu. Sufuria nyembamba hupata joto kwa madoa, na kila doa la moto mkali ni mahali pa tofi kuungua au siagi kujitenga. Yenye rangi nyepesi kwa ndani ni bora, uone rangi inavyobadilika.

Kata siagi vipande, iyeyushe kwa moto mdogo, kisha tia sukari, maji, asali na chumvi. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Koroga polepole mpaka sukari iyeyuke yote kabla mchanganyiko haujachemka. Ili kujua, chota kidogo kwa kijiko, kipoe, usugue kati ya vidole: ukisikia chembe, bado. Chembe zilizoruka kwenye kuta za sufuria zishushe kwa brashi iliyoloweshwa maji ya moto.

Sasa pandisha moto uwe wa wastani, usizidi hapo. Ukiwahi kupika sukari tupu mpaka ikawa ya kahawia, labda uliambiwa usiikoroge. Tofi ni tofauti: ina maziwa ndani, na maziwa yakikaa chini yanaungua. Koroga mfululizo kwa mwiko, taratibu, kwa mwendo wa namba nane, ukifika mpaka pembeni mwa kitako. Usikwangue kuta.

Kwanza utaona mapovu makubwa ya manjano hafifu, na kipimajoto kitakaa muda mrefu karibu na nyuzi 105 hadi 115. Wengi hukata tamaa hapo wakaongeza moto. Usiongeze. Maji ndiyo yanatoka, na joto haliwezi kupanda kwa kasi mpaka yapungue. Baada ya hapo mchanganyiko unakuwa mzito na mweupe kama krimu, mapovu yanakuwa mazito na ya polepole. Ukipita nyuzi 130 rangi inaanza kuingia. Kutoka 140 kwenda juu mambo yanakwenda mbio, ni suala la dakika mbili tatu. Hapo usijibu simu. Epua kwenye nyuzi 149 au 150 za Selsiasi, rangi ikiwa kama ganda la lozi. Sufuria nzito itaendelea kuipandisha nyuzi moja au mbili hata nje ya moto, na ikikaribia 160 uchungu unaanza kuingia.

Kuhusu kipimajoto: ncha yake isiguse kitako cha sufuria, na kikaguliwe kabla. Kiweke kwenye maji yanayotokota. Usawa wa bahari kinapaswa kusoma 100. Ukiwa kwenye mwinuko, maji huchemka chini ya hapo, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kipimajoto kikisoma 95 kwenye maji yanayotokota, iwe kwa sababu ya mwinuko au kwa kosa lake chenyewe, toa nyuzi 5 kwenye lengo lako na uepue kwenye 144. Tofi nyingi zinazonata zimetokana na kuruka hatua hii.

Huna kipimajoto? Weka bakuli la maji baridi kando. Dondosha tone la tofi ndani, subiri sekunde chache, ulitoe. Likipinda kabla ya kukatika, endelea kupika. Likikatika kwa mlio kama kijiti kikavu, epua papo hapo. Kila unapofanya jaribio, sogeza sufuria nje ya moto, la sivyo tofi itaungua ukiwa unachunguza tone.

Ukishaepua, tia vanila. Itachemka kwa fujo kidogo, rudisha uso nyuma. Anayependa tofi laini zaidi kuuma aongeze robo kijiko cha chai cha bikabonati ya soda na kukoroga haraka: hutoa vipovu vya hewa vinavyofanya tofi ivunjike kirahisi, na rangi huiva zaidi. Mimina yote kwa mkupuo mmoja juu ya lozi. Kilichogandia chini ya sufuria kiache huko, kisikwanguliwe juu ya trei, kwa sababu mara nyingi ndicho kilichoungua au kilichoanza kuganda chenga.

Subiri dakika 5 hivi. Uso ukishakamata kiasi cha kubeba mstari bila kujifunga tena, paka kisu kirefu mafuta na ukandamize kufuata zile alama, mpaka chini. Ukiona mafuta yanang'aa juu, yafute kwa karatasi ya jikoni. Chokoleti haishiki kwenye mafuta. Kisha, tofi ingali moto, tawanya chokoleti, iache dakika 4 iyeyuke kwa joto la tofi yenyewe, uisambaze kwa mgongo wa kijiko. Nyunyizia chenga za lozi na uzibonyeze kidogo kwa kiganja. Ni nzuri kwa macho na zina kazi pia: chokoleti iliyoyeyushwa hivi bila kudhibitiwa joto huweza kutoa madoa meupe siku za baadaye, na lozi huyaficha. Chokoleti ikianza kukamata, pitisha kisu tena kwenye mistari ile ile.

Iache ipoe yenyewe saa mbili. Kuipeleka kwenye friji ikiwa bado ya moto ni kosa: hujikunja kwa ghafla na chokoleti hubanduka kama ganda. Kama chumba kina joto na chokoleti inakataa kuganda, ngoja tofi ipoe kabisa, funika trei vizuri, ndipo uiweke kwenye friji dakika 20.

Sasa lile tatizo linalowakera wapishi kuliko yote: siagi kujitenga. Unakoroga vizuri, ghafla mafuta ya manjano yanaelea pembeni na katikati kuna donge zito la sukari. Tofi ni mafuta yaliyotawanywa kwenye shira nzito, na muungano huo ni dhaifu. Moto ukipandishwa au kushushwa kwa ghafla, mwiko ukisimama, au sufuria ikiwa nyembamba, mafuta yanatoroka. Ukiligundua mapema, shusha moto, endelea kukoroga kwa utulivu, na mara nyingi hurudiana. Ikishindikana, ongeza maji ya moto sana, kijiko kimoja cha chakula kwa wakati, ukisimama mbali na mvuke, huku ukikoroga. Maji huilegeza shira na mafuta hupata nafasi ya kutawanyika tena. Kisha itabidi upike upya mpaka nyuzi zile zile, kwa kuwa maji uliyoongeza lazima yatoke. Vijiko vitatu visipoirudisha, na rangi tayari ni ya kahawia, mwaga mafuta yaliyoelea, mimina kilichobaki, kikipoa ukivunje kiwe chenga za kuweka kwenye aiskrimu. Kinalika.

Kuganda chenga ni tatizo lingine. Chembe moja ya sukari isiyoyeyuka inaweza kuzialika nyingine zote, na sufuria nzima ikawa kama mchanga uliolowa. Ndiyo sababu ya kuyeyusha kwanza, kusafisha kuta na kutia kile kijiko cha asali: sukari zake ni za aina nyingine na huzuia chembe za sukari ya kawaida zisipangane. Sukari ya kahawia inatoa ladha nzuri lakini ina unyevu na huficha rangi ya kuiva, kwa hiyo anayeanza atumie nyeupe.

Tofi inayonata siku ya pili ama haikufika nyuzi zake, ama imenyonya unyevu wa hewa. Siku ya mvua na unyevu mwingi hewani, ivunje na kuifungia mara tu inapopoa.

Wenye oveni na wasiotaka habari za kipimajoto wana njia fupi. Panga biskuti za chumvi zikibanana kwenye trei ya sentimita 25 kwa 38 iliyotandikwa karatasi. Chemsha siagi gramu 225 na sukari ya kahawia gramu 200, uhesabu dakika 3 tangu mapovu yafunike uso wote, mimina juu ya biskuti, oka kwa nyuzi 175 dakika 8 hadi 10 mpaka mapovu yaenee kote. Chokoleti juu, kama kawaida. Ni tamu na haiharibiki kirahisi, ila biskuti hupoteza ukavu baada ya siku nne tano, wakati tofi ya sufuriani hukaa wiki mbili bila shida kwenye mkebe usiopitisha hewa, kila safu ikitenganishwa kwa karatasi.

Kwa mkusanyiko, vipande 40 vinatosha watu 15 hivi, kwa sababu ni tamu sana na wengi huishia viwili au vitatu. Watu wakiwa wengi, pika mara mbili. Usirudufu vipimo kwenye sufuria moja, maana joto halisambai sawa na kujitenga kunakuwa rahisi zaidi. Pika siku mbili tatu kabla. Andika wazi kwenye sahani kwamba kuna lozi, maziwa na, kwa ile ya oveni, ngano. Wapo ambao lozi huwadhuru vibaya. Kwa ajili yao pika trei nyingine yenye mbegu za maboga zilizokaangwa, kwa sufuria na mwiko vilivyooshwa vizuri, na uitenge kwenye sahani yake.

Watoto wasaidie kunyunyizia lozi na kufungasha, wasikaribie sufuria. Tofi ina joto la nyuzi 150 na hung'ang'ania ngozi. Ikimdondokea mtu, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba dakika 20. Usipake siagi, usiweke barafu.

Na sufuria isikwanguliwe kwa chuma. Ijaze maji, irudishe motoni ichemke dakika tano, na yote iliyogandia itayeyuka yenyewe.