Kifua kuvuta nikirudi kazi ya kubeba baada ya kuongeza matiti, nilivyotatua

Implanti zangu (vile vifuko vya kuongezea matiti) ziko chini ya msuli wa kifua. Wiki 6 za kutobeba vizito zilishapita, daktari karuhusu, nikarudi stoo, lakini kila nikisukuma toroli kifua kinavuta na kovu la upasuaji chini ya titi linawaka. Dawa za maumivu, sidiria ya kubana zaidi, wapi! Daktari akacheki akasema kidonda kiko poa ila msuli ule ndo unaosukuma. Basi kwanza nikabana viwiko mbavuni, toroli naisukuma kwa miguu, boksi za juu napanda ngazi sinyooshi mikono, kuvuta kukapungua. Kuwaka bado. Kumbe mshono wa sidiria unakaa juu ya kovu kabisa, nikaivaa ndani nje, kukaisha siku hiyohiyo. Ila ukiona uvimbe, wekundu au homa, hapo usihangaike na sidiria, rudi hospitali.