Vinundu vya Njano

Kwa miaka mitatu nilimsukuma mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu hapa Oakland, California, siku tano kwa wiki. Kazi ya kutunza wazee Wabongo wengi huku tunaijua. Mikono yangu iliujua mji kabla ya macho: wapi mizizi imepasua njia ya miguu, wapi ukingo wa njia umeshushwa hadi usawa wa barabara. Penye mteremko huo kuna bamba la njano lenye vinundu. Magurudumu yakipita juu yake kiti kizima hutetemeka, naye mzee husema, "Tumefika ng'ambo, binti."

Siku moja, nikimsubiri nje ya kliniki, nilisoma kwenye simu makala ya mwaka 2017 ya Angela Glover Blackwell. Imeanza na viteremko hivyo hivyo! Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jirani yetu Berkeley, watu wenye ulemavu walipigania ukingo ushushwe ili nao wavuke barabara. Uliposhushwa, wakapita hapo pia akina mama wenye vigari vya watoto, wapeleka mizigo, wasafiri na masanduku yao. Hoja yake ni kwamba ukimwondolea kikwazo yule aliyesukumwa pembeni kabisa, wanaonufaika ni wengi kuliko uliowakusudia. Mimi nimekulia Tanga, nimeona wasukuma mikokoteni wakihangaika kuivusha juu ya kingo za barabara. Sikuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Nikaanza kumfuatilia mama huyu. Ni Mmarekani mweusi aliyekulia St. Louis enzi za ubaguzi, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, kisha sheria katika chuo kikuu cha hapo Berkeley. Kuanzia 1977 alikuwa wakili wa kutetea haki za wanyonge mahakamani. Mwaka 1987 akaanzisha Oakland shirika la Urban Strategies Council, la kupambana na umaskini unaorithishwa mitaani. Miaka ya 1990 akawa kiongozi katika Rockefeller Foundation, taasisi ya ufadhili, na mwaka 1999 akaanzisha PolicyLink, shirika la kutetea sera za usawa, makao yake hapa hapa Oakland. Naisoma safari hiyo kama mtu anayefuata maji kwenye chanzo chake: kutoka kesi ya mtu mmoja, hadi mtaa, hadi kanuni zinazoamua fedha za nchi ziende wapi.

Na hizo kanuni zina uzito, asikudanganye mtu. Baba wa mzee wangu alitoka Louisiana wakati wa Vita Kuu ya Pili kuja kuunda meli. Mshahara alikuwa nao. Mkopo wa nyumba akanyimwa. Kuna ramani ya mwaka 1937, iliyochorwa na chombo cha serikali kuu, ambayo West Oakland imepakwa rangi nyekundu, maana yake ni mtaa wa hatari kukopesha, na kuwapo kwa watu weusi kulihesabiwa kuwa sehemu ya hatari hiyo. Mzee alinionyesha kwa kidole nyumba ambayo baba yake aliitamani. Bado ipo, ina ngazi za mbao. Familia yake ilipanga maisha yote, na wapangaji hawana cha kurithisha zaidi ya vyombo.

Fedha zilipokimbia, maduka yakafuata. Kwa mzee mwenye kisukari hilo si jambo dogo. Nilikuwa napanda mabasi mawili kwenda kumtafutia mchicha na samaki, na huku mtaani kwake pombe ipo kila kona. Ndiyo maana kati ya kazi zote za PolicyLink, hii ndiyo inayonigusa zaidi. Pennsylvania ilianzisha mwaka 2004 mfuko wa kuwakopesha na kuwapa ruzuku wafanyabiashara watakaouza vyakula freshi kwenye mitaa iliyotelekezwa. Jimbo lilitoa dola milioni 30, na miradi 88 ikapata msaada. PolicyLink na wenzao wakasukuma mpango huo uwe wa taifa, na mwaka 2014 ukaingizwa kwenye sheria ya kilimo ya Marekani. Hiyo ndiyo faida ya mtu aliyejua sheria kwanza.

Mwaka 2018 Blackwell alimkabidhi Michael McAfee uongozi wa PolicyLink, akabaki kama mwanzilishi. Hilo nalo nalihesabu katika kazi zake njema, maana viongozi wangapi wa mashirika tunawajua wasiojua kuondoka?

Mzee wangu alifariki. Mwaka uliofuata mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, na goti lake linamsumbua. Tukatembea njia ile ile, hadi Mtaa wa 7, kwenye duka la ushirika la Mandela, lililofunguliwa 2009 na ambalo wenye mali ni wafanyakazi wenyewe. Tulipofika kwenye njia panda, mama bila kuambiwa akaacha ukingo mrefu, akashukia kwenye mteremko. Akasimama juu ya bamba la njano.

"Haya mapele ya nini, mwanangu?"

"Ya wasioona, mama. Wakiyakanyaga wanajua barabara imefika."

Akayapapasa tena kwa unyayo wa kandambili, polepole, magari yakitusubiri.

"Na aliyefikiria hivi," akauliza, "ni mtoto wa nani?"